Kofia ya Mumba Haikuwa ya Kuvaa

Bel-Air, Lubumbashi

Chola mudogo yangu,

Nani alikupa ruhusa ya kumupa Kabwe jina ya mwana yangu, wakati mimi mama niliyemuzaa niko muzima huku? Ulilewa? Ama ulifikiri toka Kasenga mpaka Lubumbashi iko mbali sana, masikio yangu haitafika?

Nilitaka kuanza na salamu sawa muntu mwenye adabu, lakini hasira ilitangulia. Basi kamata salamu sasa. Uko salama? Bibi uliyeoa iko na nguvu? Mvua ilinyesha vizuri? Kama kuna mugonjwa mu nyumba, apone. Mi niko muzima, isipokuwa huu muguu ya kushoto unaokataa kupanda lori. Bila huo muguu haungesoma barua, ungeniona mulangoni pako. Naandika mwenyewe. Darasa mbili ya masista inatosha kwa kugombeza mudogo.

Mama Mwewa, ule anayeleta samaki ya kukauka toka kwenu, alipita hapa juzi. Alitua kitunga yake chini, akacheka.

— Yaya, pongezi. Mumba amefufuka.

— Mumba gani?

— Mumba yako. Mujukuu yako Kabwe amekamata jina. Bamemufunga ushanga mweupe ku mukono, na ile kofia nyekundu ku kichwa. Anatembea ku bandari sawa jogoo. Kapiteni atapita na lori kumuchukua.

— Kumuchukua wapi?

— Ku batayo, jeshini, yaya. Kwa bale para, benye kuruka na mwavuli toka ndeke angani. Haukujua?

Sikujua. Habari ya damu yangu niliisikia pamoja na bei ya samaki. Aibu iko kwako, Chola, haiko kwangu.

Mi sikatai desturi yetu. Mwanaume akikufa, mutoto ya dada yake anakamata jina, banamufunga ushanga, banamupa kintu ya kazi ya marehemu. Muvuvi, kasia. Muwindaji, upinde. Kabwe amezaliwa na Musonda, na Musonda iko dada ya Mumba. Hapo haukukosa. Lakini mama ya marehemu anaulizwa, na mi hakuna muntu aliniuliza. Na ile kofia mi nilituma kwa ajili ya kilio. Hatukupata mwili. Nilikuambia: iweke pa mukeka, bantu balilie kintu iliyogusa kichwa yake, kisha muizike kando ya mama yetu. Wewe ukaiokota pa mukeka, ukamuvalisha mutoto. Tena ukamuambia kapiteni: «Batayo ilipoteza Mumba, sisi tunarudisha Mumba.» Sawa vile mwana yangu alikuwa chungu iliyopasuka, tunaenda ku soko kutafuta ingine.

Kama kazi ya marehemu iko ya kukamata pamoja na jina, basi na kifo yake pia iko ya kukamata?

Mama Mwewa anasema kila siku uko ku bandari, unahadithia bavuvi vita ya ile batayo, moja moja, mikono juu. Wewe uliona vita wapi? Sasa nitakuhadithia mimi, sababu nguo ya ile batayo mi njo nilikuwa nafua.

Bafundi yao kule Kinshasa balikuwa bazungu. Kwanza balibarusha toka munara, kisha toka ndeke. Mumba aliniambia: «Mama, mara ya kwanza hakuna muntu anaruka. Banakusukuma na muguu. Mara ya pili unaruka mwenyewe, sababu unaogopa ule muguu.» Alikuja likizo na mabawa ya chuma ku kifua. Nilitembea naye barabara yote mpaka kanisa, na nilizunguka kwa makusudi nyuma ya soko ili bale bamama benye midomo batuone. Nilijivuna na ningali najivuna. Mwana yangu alikuwa muzuri.

Kisha balibatuma mashariki, ku milima, kuwinda baasi. Baliruka mu mvua. Chumvi ikaisha, viatu ikaoza. Alirudi na funza ku vidole yote, mi natoa na sindano, yeye anacheka.

— Mama, tulishinda.

— Mulishinda nani?

Alivuta muguu yake toka mukono yangu.

— Sikumuona.

Kisha ikakuja vita ya Kolwezi. Ile njo unaipenda kuliko zote. Eti para balishuka sawa tai. Balishuka bachache, Chola, mu macho ya bantu benye bunduki baliokuwa banabangojea chini. Rafiki yake moja, kijana mupole, alikula bukari hapa kwangu mara mingi, kamba ya mwavuli yake ilinasa ku muti, akabaki pale juu. Mumba alikuwa chini yake mu majani na hakuweza kumushusha. Jioni radio ikaimba ushindi. Kisha para ya inchi ya bazungu bakafika, na picha zote zikawa zao. Mumba alikuja hapa, akalala pa saruji mu kona, akakataa nifunge mulango. Hiyo pia unaihadithia na mikono juu?

Balipokaa mu kambi hapa, bakubwa ya jeshi bakakula chakula ya basoda, na basoda bakaanza kula ya raia. Siku moja Mumba alikuja anavuta mbuzi.

— Ya nani?

— Ya barabarani, mama.

— Barabara haizai mbuzi. Rudisha.

— Bantu batanicheka.

— Bakucheke ukiwa umevaa ile kofia, njo vizuri.

Akarudisha, kwa muguu, muchana, na bantu balicheka kabisa. Mi ile siku njo naona mwana yangu alikuwa soda ya kweli. Lakini hiyo haina ndeke ndani, wewe hautaihadithia.

Mwisho balibabeba mpaka inchi ya Tchad, kusaidia serikali ya wengine mu mchanga ya wengine. Kisha kapiteni moja alikuja hapa, viatu inangaa, akasimama mulangoni.

— Mama, mwana yako alikufa kwa heshima ya Zaire.

— Alikufa na nini?

— Kwa heshima, mama.

— Nakuuliza na nini. Risasi? Homa?

Mwisho njo akasema: Lori ilipinduka. Muntu aliyeruka mara mingi toka juu, akafia mu lori ya maji.

— Mulimuzika wapi?

— Kule, mu mchanga.

— Upande gani?

Hakujua. Alinipa kofia na mukaba, akaondoka. Masengo, bibi ya Mumba, alikuwa anapika. Alisikia yote na hakutoka mu jikoni mpaka bukari ikaungua.

Basi njo hiyo batayo yako. Mi sisemi basoda yake babaya. Balikuwa batoto ya bantu, na balienda pahali balitumwa. Nasema: mi nililipa yangu. Kabwe anajua kukunja mbao ya mashua kuliko bafundi bazee, bantu banatoka ngambo, Zambia, kutafuta mikono yake. Na wewe mujomba ya mama yake, mwenye kumulinda, unamutoa sawa kuku ya mugeni ili kapiteni akuite «baba».

Unisalimie bibi yako, mupishi ya kilio yote ya ukoo. Unisalimie Musonda, mutoto yangu. Umuambie machozi ya kujificha nyuma ya nyumba haitoshi, asimame aseme hapana na sauti. Salimia muzee ya kanisa aliyeomba pa mukeka, lakini umuambie nimemukasirikia. Masengo na batoto yake banakusalimia. Mi sijui kama nakusalimia, nitaona.

Sasa sikia. Ita tena bale bazee bote. Kabwe afunguliwe ushanga mbele yao na bunga ya mahindi na maji, sawa inavyofanywa, kofia izikwe, na yeye apande ku lori ya samaki ya kwanza aje kwangu. Lakini jina ya mwana yangu haitabaki inazurura bila mwenyewe. Wewe na mimi tumenyonya ziwa moja, na desturi inaruhusu mujomba pia akamate jina. Nyoosha mukono yako, Chola, bakufunge wewe huo ushanga. Na kapiteni akifika kuuliza Mumba iko wapi, toka mulangoni na mvi yako na tumbo yako, umujibu: «Njo mimi, tuende.»

Yaya yako mukubwa,
mama ya Mumba