Mtungi wa Mlangoni

Mama,

Shikamoo. Nimeona nianze hivyo hivyo, maana kukuita marehemu bado ulimi unagoma.

Huku Mbagala mambo ni yale yale. Arobaini yako ilipita salama. Ndugu wa Songea walikuja, wakala, wakalia, wakaondoka na vyungu vyako vyote. Mtungi wa maji niliwakatalia. Wakaniona mchoyo, lakini sikujali, nilikuwa nimezoea kukuona unakunywa humo.

Unamkumbuka Zuhura, binti wa mpangaji wa chumba cha uani? Alipogundulika ana sukari kama wewe, ni wewe uliyempeleka dukani kwa Bi Rukia, ukamwomba shoga yako amfanyie nafasi kwenye friza, pembeni ya chupa zako za insulini. Bi Rukia akasogeza barafu zake za ukwaju. "Friza langu limekuwa hospitali sasa," akasema. Ukamjibu kwamba angalau hospitali hii haina foleni. Mkacheka hadi mkashikana mabega. Umeme ukikatika alikuwa anazizungushia chupa zenu barafu, anazifunika na gunia, biashara yake baadaye.

Basi, Zuhura alizimia shuleni. Nikamsindikiza mama yake hospitali kubwa, kwa sababu yeye akiona koti jeupe tu sauti inampotea. Nesi mmoja, dada mtulivu, akauliza dawa ya mtoto tunaiweka wapi. Nikajibu kwa kujidai kabisa: kwenye friza, inaganda kama jiwe, haiwezi kuharibika. Akaacha alichokuwa anakifanya.

"Insulini ikishaganda haifai tena, dada," akasema. "Hata ukiiyeyusha, haifanyi kazi. Hamkuambiwa?"

Hatukuambiwa, mama. Pale dirisha la dawa zahanati walikuwa wanakusukumia chupa na kusema, "Weka kwenye baridi," tayari wameshamwita mwingine. Sisi tukaipeleka kwenye baridi kali kuliko zote tulizozijua.

Tangu siku hiyo kila nikiamka nakuona umekaa kizingitini, chupa umeifunga kwenye kanga, umeikumbatia kifuani kama kifaranga, unangoja iyeyuke. "Baridi ya Songea hii," ulikuwa unasema. Halafu unajichoma, sukari haishuki, unarudi zahanati, na yule tabibu anakuuliza mbele ya watu unakula nini kwa siri. Ukaacha wali. Ukaacha chai ya sukari, ukaacha hata muhogo wa nazi ulioupenda kuliko sisi wanao. Mguu ukaoza hivyo hivyo. Mpaka tunakuzika walikuwa wanakuita mbishi. Mama, hilo linaniuma kuliko kufa kwako.

Nikamuuliza yule nesi, sasa asiye na friji afanye nini. Akasema mtungi. Chupa unaiweka kwenye kopo lenye mfuniko, kopo unalitumbukiza kwenye mtungi wa udongo wenye maji, mtungi unauweka kivulini. Ni hivyo tu. Nilianza kucheka, nikashindwa kunyamaza, mpaka mama Zuhura akanishika mkono akanitoa nje. Mtungi, mama. Ule ule wa mlangoni. Ulikuwa unaupita kila siku kwenda kufuata dawa kwa Bi Rukia.

Na ile miaka uliyofua Msasani, si ulikuwa unatuhadithia mbwa wa bosi wako? Ana daktari wake anayemfuata nyumbani, na dawa zake zinakaa mlangoni mwa friji, na wewe umekatazwa kuzisogeza juu zisije zikaganda. Tulikuwa tunacheka, tunasema mbwa ana bahati. Kumbe mwenye mbwa aliambiwa.

Bi Rukia hajui. Nilipokwenda kuchukua dawa za Zuhura akataka kujua sababu, nikamwambia hospitali wanataka zikae karibu na mtoto. "Mama yako alikuwaga ananiamini," akasema. Kisha akainama ndani ya friza, mkono mpaka begani, akaibuka na chupa yako ya mwisho. Alikuwa ameifungia kwenye mfuko wake peke yake, chini kabisa, isiguswe.

"Hii nimemtunzia Zuhura," akasema. "Siku zahanati wakiishiwa asije akakosa. Iwe sadaka ya mama yako."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia ahsante, Mungu akulipe. Ningemwambia nini kingine? Mwanamke yule amekulilia kuliko dada zako wa tumbo moja. Nilipofika nyumbani nikaitupa chooni, nikakaa uani nikalia kama siku ile tulipokuzika.

Mtungi nimewapa kina Zuhura. Nimeuosha, nimeujaza, nimewatafutia na kopo linalofunga vizuri. Chupa aliyopewa hospitali imekwisha. Pale dirishani wanasema dawa hakuna, njooni wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika wanasema hivyo hivyo bila kuinua uso. Maduka ya dawa hatuyawezi, mama yake ameshauza hata cherehani. Mtoto amekonda, shingo imebaki nyembamba. Kila asubuhi anafunua mtungi, anatoa kopo, analitikisa sikioni. Anajua kabisa halina kitu. Analirudisha polepole, anafunika, anakunywa maji, maana kiu ndiyo haimwishi.

Ningependa kukuahidi kwamba dawa itakuja. Siwezi, na wewe ulikuwa hupendi kudanganywa. Nakuahidi ninachokiweza. Bi Rukia hatalijua hili kutoka kwangu, na mtu mwingine akipeleka dawa kwenye friza lile nitawahi kuitoa. Maji ya mtungi nitayabadilisha kila siku, hata kama hakuna cha kupoza. Na atakayekuita mbishi mbele yangu, atanitambua.

Nakuacha upumzike, mama. Huyu mtoto akifika huko kabla yangu, mpokee, umpe nafasi karibu na wewe kama ulivyompa kwa Bi Rukia. Mwambie tunajua hakula kitu kwa siri.

Mwanao,
Anjela