Pindo la Kanzu ya Chiriku

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Kanisa.
Jumatatu, 9 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi wazima, mama anakula vizuri. Mimi mwili hauna neno, ila roho inaniwasha.

Yule mdogo wangu Chiriku amerudi, tena ameokoka. Yeye aliyetukimbia kaka yako akiwa kitandani, na hata mazikoni hakuonekana. Nilimuuguza baba miaka minne peke yangu, wala hakuna aliyenipigia makofi. Chiriku kalia madhabahuni dakika kumi tu, kanisa zima likasimama kushangilia. Mama naye kampa kitanda changu. Nilimwonea kijicho mpaka chakula hakipiti. Nikamuuliza Mungu, haki yako iko wapi?

Basi mchungaji akaniomba nimshonee Chiriku kanzu ya ubatizo. Unajua kwetu mtu huzamishwa mwili mzima, na kanzu nyepesi huelea ikamfunua. Kwa hiyo huwa nashonea vipande vya chuma ndani ya pindo. Ya Chiriku sikutia hata kimoja. Nilitaka aaibike mbele ya hao hao waliomshangilia.

Jana akashuka kwenye birika la ubatizo. Maji yalipompita magoti, pindo likaanza kupanda. Akalishika kwa mikono miwili, hamtazami mtu. Shangazi, sijui nilisukumwa na nini. Nilijitosa na viatu vyangu, nikapiga magoti, maji yakanifika kidevuni, nikaishikilia ile kanzu mpaka alipozamishwa akainuka.

Wakanipigia makofi. Mchungaji akasema huo ndio upendo wa dada. Nilitamani birika linimeze.

Tulipokuwa tunabadili nguo nikaanza kumweleza. Hakuningoja nimalize.

"Nilijua, dada. Nililipapasa pindo Jumamosi. Si nimekulia chini ya cherehani yako?"

"Na ukaivaa?"

"Nilikuachia baba peke yako. Nikasema, kama dada anataka niaibike, ana haki."

Nilikuwa nikidai haki kwa Mungu, kumbe mdaiwa mwenyewe alishakuja kunilipa, na hakumwambia mtu.

Jumapili nitasimama mbele ya kanisa niseme kweli. Mama akasirike, waumini wanicheke, potelea mbali. Chiriku ananisihi nisiseme, eti Mungu keshasikia na yeye keshasamehe. Hapo ndipo ninapomwonea wivu kuliko siku zote, Shangazi. Mwenye dhambi alikuwa yeye, na kusamehe kanitangulia.

Niombee. Msalimie binamu Seremala, na Mrefu na wanawe. Mungu akufunike kwa rehema zake, wala asitupe sisi tunachostahili.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Fundi