Meno ya Marehemu Kaka

Alhamisi, Miburani, kisiwani

Niwie radhi, daftari, kwa kukutupa miezi mitatu. Tangu ning'olewe meno yote ya juu, naishi kwa uji. Ya bandia hutengenezwa Dar es Salaam, na pensheni yangu haifiki huko.

Leo mjane wa kaka yangu ameniletea meno ya bandia ya marehemu, ndani ya kikombe.

"Vaa, shemeji. Yeye alipo hatafuni."

"Yalitengenezwa kwa kinywa chake."

"Basi endelea kunyonya, mtu mzima wewe."

Nimeyajaribu. Yamenichana ufizi, lakini nimetafuna pweza. Mke wangu aliponitazama alijifunika uso kwa kanga. Alimwona marehemu akitabasamu.

Amesema nikiyavaa tena, nile peke yangu. Nitakuandikia nikishaamua kati ya mke na pweza.