Ukuta Uliopigwa Lipu

Jumamosi, Aprili. Mawingu toka asubuhi. Mvua hainyeshi, jua halitoki.

Leo nimeoga, nimekula, nimepiga pasi blauzi, nimetoa mhadhara wa saa nzima na watu wamepiga makofi. Ukiniuliza najisikiaje, sijisikii. Basi.

Juzi Alhamisi ukuta wa mbele wa nyumba yetu ulianguka.

Nyumba yenyewe ni tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, iko nje kidogo ya mji, kwenye ile njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Aliijenga babu yake baba. Alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, akarudi mzima na kujenga kuta za udongo nene kiasi kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala dirishani. Bati lilikuja baadaye sana. Siku hizi anaishi humo shangazi Rahel, dada yake baba, peke yake na kuku wake.

Alhamisi alikuwa ametoka kwenda kuazima ungo kwa jirani. Aliporudi na ungo wake akakuta ukuta umelala kwenye kiti anachokaliaga. Mungu ni mkubwa, nilisema hivyo kwenye simu. Nilisema kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

Kilichouangusha nakijua. Mwaka juzi kaka Deusi alikuja kutoka Mwanza na fundi, akazipiga kuta zote lipu ya saruji. Alifanya kwa mapenzi, alitaka shangazi akae kama watu. Mimi nilikuwa masomoni Dar. Nilipotumiwa picha nikampigia hapo hapo: kaka, udongo unapumua, ukiuziba kwa saruji maji yakiingia hayatoki, ukuta unaoza ndani kwa ndani. Akacheka sana. "Msomi bwana! Basi njoo uuwekee feni."

Kuibandua lipu kungekuwa kuubandua na ukuta wenyewe. Na shangazi alishapaka rangi ya krimu, hataki kusikia. "Niache na mimi nimeremete," aliniambia. Akameremeta misimu miwili ya mvua.

Sasa kaka ameshalipia tofali za bloku. Lori linakuja Jumatatu. Anataka tembe lote livunjwe, vijengwe vyumba vitatu vya kisasa. Wala simlaumu, shangazi lazima alale mahali. Tangu Alhamisi yuko kwangu hapa mjini, mtaa wa Ipuli, yeye kitandani, mimi kwenye kochi.

Na mhadhara wa leo, uliopangwa muda mrefu, ulikuwa unahusu nini? Utunzaji wa majengo ya udongo kwenye njia ya misafara.

Ningeweza kuahirisha. Lakini kuahirisha kunataka maelezo, na maelezo sikuwa nayo. Shangazi akasema naye anakuja, hawezi kushinda na luninga kama mgonjwa. Akavaa kitenge cha kwaya, akakaa mstari wa mbele.

Picha ya kwanza kwenye projekta ilikuwa nyumba yetu, kabla ya lipu. Nikawaambia watu, "Nyumba hii ina kuta nene." Ina. Ulimi ulikataa kusema "ilikuwa na". Nilipofika kwenye saruji na jinsi inavyoua ukuta wa udongo, nilikuwa naisikia sauti yangu kama ya mtu anayetangaza treni ya Kigoma. Haikutetemeka hata kidogo. Shangazi alikuwa ameweka mikono mapajani, anasikiliza.

Wakati wa maswali kijana mmoja akauliza kuhusu sheria, mzee mmoja akauliza serikali iko wapi. Kisha shangazi akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema. Mwalimu! Mimi aliyeniogesha. "Na ukuta ukishaanguka?"

Nikajibu kama ninavyojibu siku zote. Udongo haufi. Unachambua vipande vya saruji unavitupa, udongo unauloweka, unachanganya na wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, mvua zikikatika unajenga upya. Baada ya hapo unakandika kila mwaka.

"Kila mwaka," akarudia, akakaa.

Tulirudi kwa miguu, tukanunua karanga njiani. "Umefundisha vizuri, mama," akaniambia. "Leo nimeelewa. Ila Deusi usimrudishie hayo maneno, ataumia." Akatafuna kidogo. "Lakini mimi nimechoka kukandika. Tangu nimefiwa na mume nikarudi pale, kila kiangazi ni kichuguu, mavi ya ng'ombe, maji kichwani. Wewe unakuja na kamera yako: shangazi, simama hapo, pamependeza."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anacheka, na magoti yanamuuma.

Kwenye mihadhara yangu yote kuna sentensi isemayo jamii ishirikishwe. Jamii ni shangazi Rahel. Hakuna aliyewahi kuuliza nani atakandika, wala mimi sijawahi kuuliza.

Nikamuuliza: bloku au udongo?

"Amua wewe uliyesoma. Ukisema bloku, nitalala pakavu na nitamshukuru Deusi. Ukisema udongo, uje na mikono."

Sasa hivi ni jioni. Yuko jikoni anachambua maharage, anaimba polepole. Kaka ametuma ujumbe: lori lije au lisije? Nimekaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima. Nimeandika: "Kaka, naomba lisije. Nyumba ya shangazi nitaishika mimi." Akajibu neno moja, "Utaiweza?"

Sijawahi kukandika hata banda la kuku. Jumatatu nitaomba ruhusa kazini, nikaanze kuchambua saruji kwenye kile kifusi, shangazi awe kwenye kiti ananielekeza. Nilipomwambia hakushangilia. Aliniangalia mikono tu, akasema na kucha hizo?

Bado sijalia. Kucha nimekata.