Nduwa ya Eunike

Karangsari, Java
11 Februari 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na Mama naye mpelekee shikamoo yake. Mimi ni mzima, nakula, nalala, ila pilipili za huku zitanitoa roho. Goti lako linaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa?

Baba, wiki ya kwanza tu nimeshafanya kioja. Sisi wakulima kumi tulioletwa mafunzoni tumegawanywa kwenye nyumba za wenyeji. Mimi nimeangukia kwa mjane mmoja, Bu Sumarni. Hilo "Bu" ni heshima, kama sisi tunavyosema mama. Kijiji kimetulia mno, ukisikia pikipiki ujue kuna mgeni. Mpunga umepandwa ngazi kwa ngazi mlimani na maji yanashuka kwa mifereji, na mimi nilipoiona nilitaka kupiga kelele, maana ni mfongo kabisa, kama wetu wa Mbokomu.

Sasa siku ya tatu nimeamka alfajiri, nakuta maji yanatiririka kuingia uani kwa jirani na hakuna anayemwagilia. Nikasema, watu hawa wamelala na maji yanapotea. Unajua ulivyotulea, kwamba maji ya mfongo yakipita bure ni dhambi. Nikashika jembe, nikaziba kwa udongo na gogo la mgomba, nikarudi ndani najisifu. Saa nne nasikia makelele. Kumbe yale maji yanalisha bwawa la samaki la mzee Karto, na bwawa lenyewe linavuja. Samaki walikuwa wanatapatapa kwenye tope. Kijiji kizima kikaja na ndoo, na mimi tope kiunoni naomba radhi kwa lugha nisiyoijua. Hawakunigombeza. Walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakatukaangia samaki waliokufa.

Baba, hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Kila nyumba hapa ina bwawa. Maji yanapita kwa samaki kwanza, yanatoka na mbolea yao, ndipo yanaingia shambani. Samaki wao mmoja nilimgeuza huku na huku nikaona ni perege, ndugu wa wale wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Na sisi bwawa tunalo, nduwa ya babu, maji ya mfongo yanalala mle bure miaka yote. Tuweke samaki. Najua kaka Jacob anataka kuifukia ajenge nyumba. Nakuomba umzuie mpaka nirudi, sipati usingizi kwa mawazo haya.

Binti yako,
Eunike

*

Mbokomu
17 Machi 1996

Mama yangu Eunike,

Wewe umebeba jina la mama yangu, kwa hiyo naanza kwa adabu. Hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Goti linajua mvua kuliko redio. Mama yako anasema usile vitu vinavyotambaa.

Barua yako niliisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye gogo la mgomba nilicheka mpaka mama yako akaja kuniangalia. Mzee Karto mpe pole yangu. Mwambie msichana huyu nilimfundisha mimi, na sijutii.

Lakini hilo la samaki, mwanangu, hapana. Babu yako alikufa hajatia samaki mdomoni. Kwetu sisi huyo ni nyoka wa majini tu, amepewa mapezi. Nikiweka nyoka kwenye nduwa, wazee wa mfongo watanifukuza kikaoni, na wa kwanza atakuwa Sirili, mwenyekiti wetu, ambaye tangu ujana anatafuta sababu.

Halafu nimeshampa Jacob neno langu. Karakana yake kule Majengo, Moshi mjini, inakwenda vizuri, anataka nyumba ya matofali huku juu, na pale kwenye nduwa ndipo pekee penye tambarare. Kahawa yenyewe siku hizi tunaitazama tu, wanunuzi binafsi wanakuja mpaka mlangoni na bei yao ya chini mkononi. Maji ya nduwa yamwagilie nini? Mawe ya msingi yanakuja baada ya Pasaka. Yeye ni wa kiume, kihamba, ardhi ya ukoo, ni chake. Usikasirike. Wewe utaolewa, utapata kwako.

Baba yako,
Ebenezeri

*

Karangsari
14 Aprili 1996

Baba,

Shikamoo. Nafurahi kwa ndama. Afya ni njema ila moyo una moto, kwa hiyo nisamehe nikikosea maneno.

Bu Sumarni ameniita mezani. Mabwawa yake ni matatu, na mtoto wake wa pekee yuko Jakarta hataki tope. Ananiambia nibaki. La chini kabisa ni langu kulilea, tutagawana mavuno nusu kwa nusu, na Jumamosi tunabeba samaki hai kwa baiskeli mpaka soko la tarafa. Wiki iliyopita nilikwenda naye. Tulipita katikati ya mpunga kilomita saba, ndoo zinarusha maji mgongoni, na saa tatu asubuhi tulikuwa tumemaliza kuuza. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Nilimuuliza mabwawa alipewa na nani. Akasema na mama yake. Huku mtoto wa kike anapewa ardhi kama wa kiume, na mtu hashangai.

Sikulaumu, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika jembe, kufungua mfongo na kulinda zamu yetu. Jacob hajui hata maji yetu ni siku gani. Kwa hiyo nauliza, na unijibu kama baba: mafunzo yakiisha Julai, narudi kwenye nini? Kama ni kukaa jikoni kwa Mama nikisubiri mchumba, nitabaki hapa. Nitalia, lakini nitabaki.

Binti yako,
Eunike

*

Karangsari
2 Juni 1996

Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu iwe ni posta tu. Sijapata neno lako. Bu Sumarni haniharakishi, ila lazima nimjibu kabla Julai haijaisha, vifaranga vya samaki vinaagizwa mapema. Kama nduwa imeshafukiwa, niambie tu. Nitajua la kufanya.

Eunike

*

Mbokomu
9 Juni 1996

Mama yangu,

Sote wazima. Kaa chini kwanza.

Barua yako ya Aprili niliipata. Nilikuwa nimeiweka ndani ya Biblia, na kila nikifungua, swali lako liko pale. Narudi kwenye nini. Nisamehe sikuandika upesi.

Nikashuka Moshi kufuata mbolea. Nikapita sokoni kwa mama mmoja anayekaanga perege. Nikamwambia nifungie mmoja, ni wa jirani yangu. Nikaenda nyuma ya ghala, nikafumba macho, nikala. Eunike, nilirudi nikanunua wa pili, na safari hii sikumtaja jirani. Nyumbani mama yako alininusa mikono akauliza nimeshika nini. Nikasema ni sabuni mpya. Hakuamini, na juzi amenitaka nimletee hiyo sabuni naye aionje.

Kisha nikaitisha kikao cha mfongo. Sirili alisimama akasema samaki watachafua maji ya walio chini. Nikamuuliza ng'ombe zake wanakunywa wapi, na wakimaliza kunywa wanafanya nini. Watu walicheka, nikajua nimeshinda. Wamekubali, ila wanataka samaki kila Pasaka.

Jacob lori lake la mawe lilikuwa limeshafika. Alinuna wiki mbili. Nikampeleka kule juu kando ya barabara, pana mteremko, lakini akapima na kamba akaona gari litafika mpaka mlangoni. Sasa anajiona mjanja, kana kwamba wazo ni lake.

La mwisho, na ndilo lililonichelewesha. Jana nimemwita Sirili na mchungaji wasimame mashahidi. Nimepanda masale kuizunguka nduwa yote na kipande cha shamba chini yake. Mpaka wa masale hapa kwetu hang'oi mtu, hata nikifa. Nikasema mbele yao, ndani ya masale haya ni pa Eunike, nimempa mimi nikiwa na akili zangu. Sirili akauliza, je akiolewa? Nikamjibu, mume atakuja kula samaki kama mgeni.

Baba yangu asingefanya hivi. Mimi nimefanya, na nimelala vizuri.

Baba yako,
Ebenezeri

*

Karangsari
5 Julai 1996

Baba yangu, Baba yangu,

Shikamoo mara mia. Nimeisoma barua jikoni, nimelia mpaka Bu Sumarni akadhani kuna msiba, akaacha chungu kikiungua. Nilitafuta maneno ya lugha yao nikayakosa. Nikamvuta mkono mpaka kwenye bwawa lake, nikalionyesha kwa kidole, nikajipiga kifua. Akauliza, baba? Nikasema ndiyo, Baba. Naye akaanza kulia, tukasimama pale kama wajinga wawili huku samaki wakingoja chakula.

Anabaki bila mshirika, na hakununa hata kidogo. Ananifundisha mchana kutwa kuziba bwawa linalovuja.

Natua uwanja wa ndege wa KIA tarehe 3 Agosti. Msinipikie, nitataka kwenda kuiona kwanza.

Binti yako, mwenye nduwa,
Eunike