Kumusemea Odette

Kamembe, 4/3/2025

Odette binti yangu,

Mimi papa yako Ntabaza, miaka makumi munane na moja, niliyepita vita tatu, kolera, tetemeko na bibi wawili wa makelele, nakusalimia. Mwili iko muzima kuliko ya vijana. Weye je? Tangu risasi za Bukavu, telefone yako haiite. Barua nimepatia Maman Védastine, anavukaka na nyanya zake za kuuza pa mupaka ya Rusizi ya Kwanza.

Odette, naogopa. Mimi! Mutoto wako Clarisse, tangu umuvukishe mupaka kuja kwangu huku Rwanda, hasemi hata jambo. Lakini kwa Latifu, fundi wa nguo, banakaa bane ku meza, banatupa kajiwe kenye pembe nyingi, na pale anasema kama redio! Nilisikia ku dirisha: "Mimi mulozi. Nimebakisha pointi mbili za uhai." Nikamukokota mpaka nyumbani. Hataki kula. Nimuite pasta amuombee?

Papa yako


Bukavu, 9/3

Papa mupenzi,

Jambo Papa, magoti inaendelea aje? Siye tunapumua, lakini hatutoke inje.

Pasta hapana! Ile ni mchezo, hata siye tulicheza ku internat, kule masomoni tulikuwa tunalala. Latifu ni muongozaji: anasimulia mahali, anasemea maadui na bapita njia. Clarisse ana muhusika, muntu wa kutunga. Ulozi ni kazi ya ule muhusika, hapana ya mutoto. Nguvu zake zinaandikwa ku fishi, karatasi yake. Kale kajiwe ni dadu, kanaamua kama jambo litafaulu. Pointi za uhai zikiisha, muhusika anaanguka, mutoto anarudi nyumbani.

Mule mu mchezo anachagua mwenyewe, Papa. Huku hakuchagua kitu. Mwache acheze. Keti naye.

Nitajaribu kuvuka juma hii.

Binti yako


Kamembe, 17/3

Odette, salamu. Juma imepita, uko wapi? Nilisimama pa mupaka. Polisi anasema "Mzee, songa," nikakataa kusonga.

Nimeketi ku ile meza. Nikamwambia Latifu aniandikie nguvu kupita bote. "Mzee, hapa dadu ndiyo inatoa, hapana mudomo." Nikatupa. Tatu, juu ya makumi mbili! Nikataka kutupa tena, bakakataa. Clarisse akacheka, Odette. Alicheka!

Kisha Latifu akashusha sauti: mu pango kuna kitu inapumua. Nilisogea karibu na Clarisse kidogo, baridi tu. Clarisse akasema: "Babu, kaa nyuma yangu."

Papa yako


Kamembe, 29/3

Odette,

Sikuulizi habari, nakuomba habari. Védastine amerudisha barua yangu. Anasema mulango yako iko wazi na mu nyumba hamuna muntu. Jirani hajui kitu. Clarisse alikuwa nyuma ya mulango, alisikia yote.

Leo ku meza mchezo ukafika mu kijiji, akamwambia Latifu: "Mu kijiji kile, weka mama yangu." Latifu akaniangalia. Akasema polepole: "Sawa. Yuko pa kisima. Mimi ndiye namusemea."

"Hapana. Babu amusemee."

Latifu akaniuliza: "Mzee, mama anasema nini?"

Mimi sijakosaka maneno, unanijua. Lakini pale nikaogopa kuliko siku za vita. Nikifungua kinywa, ni kama nakuzika. Nikinyamaza, ni kama umekufa.

Nikasema: "Clarisse, umekula?"

Akajibu: "Bado, Mama."

Tulirudi nyumbani, akamaliza sahani ya maharagwe. Sasa anataka kesho umusemeshe tena, na mimi sijui unasemaka nini ingine. Kuja useme mwenyewe. Ao andika jina lako tu, uliache kwa jirani, Védastine atalileta.

Huamini? Uliza Latifu. Alikuwepo, atakuambia sikulia.

Papa yako, Ntabaza