Bundi wa Chumba Namba Nne

Jumanne, 12 Agosti 2008. Asubuhi mawingu, bila mvua.

Keji, mwenzangu wa usafi hapa hotelini, amekataa tena kusafisha chumba namba nne kwa sababu ya ile picha ya kale ya Wazungu ukutani, inayoonyesha mchawi na bundi wakiwa juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Ana mimba kubwa. Meneja amesema kesho akikuta vumbi atamfukuza kazi.

"Ni karatasi tu," nilimwambia.

"Basi ifute wewe, dada. Si umeokoka?"

Nilikwenda. Nilifuta fremu na kioo hadi mchawi akang'aa, ila bundi nilimwacha na vumbi lake. Mkono ulikataa.

Keji alinishukuru, akidhani nimefuta yote.

Lazima kesho nikamfute yule ndege kabla meneja hajafika. Saa tano na nusu usiku, nalala.